Ini lina mafuta, daktari anaulizia moyo: nani anaweza kuingia kwenye utafiti?

Chumba cha ultrasaundi kilikuwa na giza, feni inapiga kelele, nimelala chali na gauni limepandishwa mpaka chini ya matiti, kijana wa kupima akanimwagia ile jeli ya baridi ubavuni akaniambia mama vuta pumzi uishike. Nilikuwa nimeenda kwa ajili ya maumivu ya tumbo nikidhani ni mawe ya nyongo. Akawa anakipitisha kile kifaa chini ya mbavu upande wa kulia, anasimama, anarudi palepale, haongei. Alafu akageuza skrini kidogo akanionyesha, figo ni hii hapa nyeusi nyeusi, ini ndo hili, unaona linavyong'aa kuliko figo? Akasema hayo ni mafuta.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, hapa Uganda, fundi wa nguo, nina miaka 47 na pombe sijawahi kuonja hata kidogo. Sasa kwetu hapa mtu akisikia ini ashamaliza, ni pombe. Niliporudi nyumbani nikamsomea mama karatasi, akanyamaza, akasubiri watoto watoke ndani, alafu akaniuliza kwa sauti ya chini, mwanangu, unakunywa? Hilo swali liliniuma kuliko karatasi yenyewe. Kwa hiyo naandika kwanza kwa ajili ya mama, na kwa ajili ya kila mtu ambaye ameambiwa ini lako lina mafuta akaona aibu kumwambia mwenzake.

Kilichonishangaza zaidi ni daktari. Alisoma ile ripoti kama dakika moja, akaiweka pembeni, akaanza kuniuliza habari za moyo. Baba alikufa na nini (kiharusi, miaka 58). Presha yako iliwahi kupimwa lini, ukipanda ngazi unahema, nani kwenu ana sukari. Nikamwambia daktari, mimi nimekuja na ini. Akasema, "Ini tutaliangalia, lakini wasiwasi wangu mkubwa mama ni moyo." Akanieleza kwamba watu wenye ini la mafuta, wengi wao hawafi kwa ini, kinachoongoza kuwaua ni magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Ini likijaa mafuta halikai kimya, linamwaga triglisaridi, yaani aina ya mafuta, kwenye damu, linaendelea kutoa sukari hata wakati hujala kitu, na kule ndani kunakuwa na uvimbe wa chinichini ambao unasumbua mishipa ya mwili mzima. Yaani ini na moyo wanakula sahani moja, ukimuona mmoja anaumwa muulizie na wa pili.

Mdogo wangu ni sista, yaani nesi, anafanya kazi Kampala kwenye mambo ya tafiti za wagonjwa, kazi yake ni ile ya mlangoni kabisa, kupima watu na kuwauliza maswali ili ijulikane nani anafaa kuingia na nani hafai. Nilipompigia simu kumwambia habari zangu sikumuuliza dawa, nilimuuliza hivi, tafiti za ini la mafuta na moyo zinachukua watu gani, na mimi naweza kuwa mmoja wao? Akacheka akasema dada, hilo swali watu huwa wanajijibu wenyewe nyumbani na wanajijibu vibaya. Mnene anasema watanikataa kwa unene, mwembamba anasema mimi hainihusu, mwenye virusi vya Ukimwi anasema sisi hatutakiwi, na hakuna hata mmoja aliyefika mlangoni akaulizwa.

Sasa ntaeleza nilivyoelewa. Masharti yanatofautiana kwa kila utafiti, hilo mlijue mapema, lakini mengi yanafanana.

La kwanza lazima mafuta yaonekane kweli, kwa ultrasaundi au kwa ile mashine ya FibroScan ambayo inakugonga kidogo ubavuni kama mtu anayekupiga kidole na inapima vitu viwili, mafuta ni mengi kiasi gani na ini limekuwa gumu kiasi gani, maana ugumu ndo dalili ya makovu. (Usile masaa matatu kabla ya kupimwa nayo, ukila ini linaonekana gumu kuliko lilivyo.) Alafu linakuja jambo la pili ambalo wengi hatulijui. Mwaka 2023 madaktari wa dunia walibadilisha jina la huu ugonjwa, zamani ulikuwa unaitwa ini la mafuta lisilo la pombe, siku hizi kifupi chake ni MASLD, na ili uhesabiwe unaumwa huo inatakiwa uwe na mafuta kwenye ini pamoja na kitu kimoja, kimoja tu, kati ya vitano: uzito au kiuno kimezidi, sukari imepanda, presha imefika 130 kwa 85 au unameza dawa zake, triglisaridi zimefika 1.7, au kolestro ile nzuri iko chini. Angalia hivo vitano, vyote ni vitu vya moyo. Ndo maana nasema ukiingia mlango wa ini unajikuta kwenye chumba cha moyo.

Hapo kwenye kiuno ngoja nisimame, maana ni kazi yangu. Miaka 25 futi haijatoka shingoni mwangu. Nikimshonea mtu gomesi nampima kiuno pale palipoingia ndani, na mara nyingi amevaa kikoyi chini ili nyonga zijae kwa hiyo hata hicho kipimo ni cha kikoyi kuliko cha mwili. Sista aliyenipima mimi hakufanya hivo. Alinigusa ubavu wa mwisho kwa kidole, akagusa mfupa wa nyonga, akaweka alama katikati kwa kalamu, akazungusha futi ikalala sawa kama mkanda, akaniambia toa pumzi kawaida usiivute tumbo ndani, akasoma. Sentimita 97. Mwanamke mwisho ni 80, mwanaume 94. Nimeshapima viuno vya nusu ya Bombo na changu sikuwahi kukijua.

Alafu mdogo wangu akaniambia kitu ambacho sijakisahau. Hizo namba 80 na 94 zilitokana na miili ya watu wa Ulaya. Watu wa Asia wana namba zao walizotafutiwa. Sisi Waafrika wa kusini mwa Sahara shirika la kimataifa la kisukari liliandika kwamba tutumie za Wazungu kwanza mpaka zetu zipatikane, yaani tumevalishwa gauni lililokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Na mambo hayako sawa kwenye miili kweli, kuna jeni moja, yaani kile kitu cha kurithi kwa wazazi, linaitwa PNPLA3 ambalo likiwa la namna fulani linaongeza sana mafuta na makovu kwenye ini, na kwa watu wenye asili ya Afrika ile namna mbaya inapatikana kidogo kuliko kwa watu wa Amerika ya Kusini. Sasa je kiuno cha 80 kwa mwanamke wa Bombo kina hatari ileile? Mimi kama fundi nakuambia nguo haikai mpaka umpime mwenyewe. Na kupima mwenyewe ndo hizo tafiti, hakuna njia nyingine.

Basi nikaanza kumuuliza mtu mmoja mmoja wa nyumbani, huyu je, huyu je.

Kaka yetu mkubwa ni mwembamba kama fimbo, ana sukari miaka sita. Nilidhani hapo jibu ni hapana. Kumbe anaweza, kama ultrasaundi ikionyesha mafuta ile sukari peke yake inatosha, uzito hauulizwi tena. Watu wembamba wenye ini la mafuta wapo na wanachelewa kujulikana kwa sababu hakuna anayewashuku. Wifi yangu mjamzito, hapana, hasa kama ni utafiti wa dawa, na hata baada ya kujifungua kama ananyonyesha wengi watamwambia asubiri. Mtoto wake wa miaka 15 naye hapana kwenye tafiti nyingi, wanataka 18 kwenda juu, na zile zinazoangalia moyo mara nyingi zinapenda waliofika 40 maana hatari ya moyo inapanda na umri.

Mzee jirani yetu, mwanajeshi mstaafu, sote tunamuita afande. Yeye alikuwa amekaa kibarazani kwangu anasubiri suruali wakati naongea na simu, akasikia, akasema mwanangu niulizie na mimi. Afande anakunywa, hafichi. Mdogo wangu akasema wanahesabu kwa wiki, mwanaume asizidi gramu 210 za kilevi na mwanamke 140, ukizidi hapo unahamia kundi lingine ambalo mafuta na pombe vimechangia pamoja, na ukizidi sana inakuwa ni ugonjwa wa pombe moja kwa moja. Gramu nani anazijua? Tukakaa na afande tukapiga hesabu kwenye kipande cha karatasi ya patani. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina kama gramu 20. Yeye anasema mbili kila jioni, zinakuwa 14 kwa wiki, gramu 280. Amezidi. Na kile kichupa cha waragi cha mililita 200 kina zaidi ya gramu 60, vitatu tu kwa wiki vinakaribia kikomo. Afande aliangalia ile hesabu muda mrefu. Alafu akauliza, nikisema moja si nitaingia? Nikamuuliza mdogo wangu kwenye simu, akajibu kwa upole kabisa, mwambie afande akinidanganya atapewa matibabu ya ugonjwa ambao sio wake, na majibu yake yatatumika kumtibu mtu mwingine vibaya. Hilo naliamini. Kwenye maswali ya utafiti sema pombe yote, sigara yote, na mitishamba yote pia. Shangazi yangu anakunywa mululuza kila asubuhi na hakuwahi kumtajia daktari yeyote kwa sababu haihesabu kama dawa, na kuna mitishamba inaumiza ini, kwa hiyo wanataka kuijua yote hata ile unayoiona ya kawaida.

Shangazi huyohuyo anaishi na virusi, ameniruhusu niandike, anasema miaka 20 ya ARV sio siri tena ni ushuhuda. Yeye ndo alikuwa na uhakika kabisa kwamba hawezi kuchukuliwa. Na ni kweli tafiti nyingi za dawa za ini huwa zinaweka virusi kwenye sababu za kukataa. Lakini zipo nyingine zinazotafuta watu kama yeye hasa. Kuna ule mkubwa ulioitwa REPRIEVE, ulichukua watu 7,769 wanaoishi na virusi, miaka 40 mpaka 75, wanaomeza ARV na ambao hatari yao ya moyo ilikuwa ya chini au ya kati tu, kwenye nchi 12, na Uganda ilikuwemo. Nusu walipewa kila siku kidonge cha pitavastatin, dawa ya kushusha kolestro, nusu wakapewa kisicho na dawa. Majibu yalitoka 2023, waliomeza dawa matatizo makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 35. Shangazi aliposikia Waganda walikuwemo alikaa kimya, alafu akasema kumbe kuna watu wametutangulia wakatufungulia njia. Niliona machozi yanamlengalenga, na mimi pia.

Mdogo wetu wa kiume alipimwa homa ya ini B akakutwa nayo. Huyu kwenye tafiti za ini la mafuta karibu zote atakataliwa, sababu makovu yakionekana hutajua yameletwa na kirusi au na mafuta. Lakini sikilizeni vizuri hapa. Hapa Uganda uchunguzi wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta karibu watu wazima wanne katika kila mia wana hiyo homa ya ini B, na chanjo yake kwa watoto wachanga ilianza 2002, kwa hiyo sisi tuliozaliwa kabla ya hapo utotoni hatukuipata. Wengi hawajui kama wanayo. Kwa hiyo ukienda kupimwa kwa ajili ya utafiti, ukarudishwa kwa sababu hiyo, wewe umerudishwa na jibu mkononi ambalo ulikuwa hulijui, na kliniki ya kwenda nalo ipo.

Wengine wanaokataliwa ntawataja harakaharaka: aliyepata shambulio la moyo au kiharusi miezi ya karibuni, ambaye ini lake limeshachoka mpaka maji yamejaa tumboni au macho yamekuwa ya njano, mwenye figo zilizofeli, mwenye kansa inayotibiwa, anayemeza dawa ambazo zenyewe zinaleta mafuta kwenye ini kama steroidi za muda mrefu au tamoxifen ile ya kansa ya matiti, aliyebadilisha dawa za sukari au kolestro juzijuzi (wanataka dozi iwe imetulia miezi kadhaa), aliyepungua au kuongezeka uzito ghafla, na ambaye tayari yuko kwenye utafiti mwingine. Mwenye pesimeka, kile kifaa kinachowekwa mwilini kuendesha mapigo ya moyo, naye aseme mapema kwa ajili ya zile mashine za kupimia.

Na kuna wanaohitajika ambao hawaumwi kabisa. Hili lilinifurahisha sana. Tafiti zile za kuangalia tu bila kutoa dawa mara nyingi zinataka na watu wenye ini safi ili kulinganisha, umri uleule, mtaa uleule. Kwa hiyo hata wewe uliyesoma mpaka hapa ukisema mimi niko salama, unaweza kuwa ndo mtu wanayemkosa.

Mambo ya haki zako sasa, maana najua watu wetu wanaogopa kufanywa panya wa maabara na siwalaumu. Hapa kwetu utafiti wowote wa watu lazima upite kwenye kamati ya maadili na kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kama kuna dawa inajaribiwa mamlaka ya dawa nayo lazima ikubali. Karatasi ya ridhaa unatakiwa usomewe kwa lugha unayoielewa, Kiluganda, Kilugbara, Kiswahili, na ukitaka kuipeleka nyumbani ukamuonyeshe mumeo au mwanao, peleka. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi ambaye sio mtu wa utafiti. Kwenye hiyo karatasi kuna namba ya simu ya kamati, ukiona mambo hayaendi sawa unapiga. Unaweza kutoka siku yoyote na hakuna wa kukunyima matibabu yako ya kawaida. Nauli unarudishiwa. Na mtu akikuambia toa hela ndo uingie kwenye utafiti, ondoka hapohapo.

Ulizia pia kama kuna kundi la kidonge kisicho na dawa, maana unaweza kuangukia huko na wala wewe wala daktari hamtajua mpaka mwisho. Mimi hilo lilinipa shida kulikubali. Nikajiuliza niende Kampala kila mwezi na taksi, nitolewe damu bila kula tangu usiku, alafu kumbe nilikuwa nameza unga mtupu? Mdogo wangu akasema ndo maana ile ya pitavastatin leo inaaminika, kwa sababu kuna watu nusu nzima walimeza unga mtupu miaka yote hiyo. Nikakosa neno. Marekani waliidhinisha dawa ya kwanza ya hili ini la mafuta lililoanza kuweka makovu mwaka 2024, resmetirom, na 2025 wakaongeza semaglutide, zote zilipita njia hiyohiyo.

Kwangu mimi makovu bado, FibroScan ilionyesha mafuta mengi lakini ini bado laini, presha 138 kwa 88, sukari ya asubuhi 6.1. Daktari amesema nikipunguza uzito kwa asilimia 5 mafuta yanaanza kutoka, nikifika 7 mpaka 10 hata ule uvimbe unatulia. Nina kilo 88, kwa hiyo naanza na kilo nne na nusu. Chai yangu sasa haina sukari, soda nimeacha, na mashine ya kushonea naiacha kila saa nazunguka uwanja wa shule mara mbili, watoto wameshazoea kuniona. Jina na namba yangu nimeacha pale kliniki, wakipata utafiti unaonifaa wataniita. Mama aliniuliza kama naogopa, nikamwambia kidogo, akasema basi siku hiyo twende wote, na mimi wanipime.

Afande alikuja jana kuchukua suruali yake. Akatoa kidaftari kidogo mfukoni, kile cha duka cha mistari, akanionyesha ameandika tarehe upande mmoja na idadi ya chupa upande wa pili. Jumatatu mbili, Jumanne mbili, Jumatano moja, Alhamisi hakuna kitu. Akaniuliza hapo gramu ngapi, tukakaa tena tukahesabu.